Ufunguo Uko kwa Mama Mkwe

Wilfried alikuwa na miaka kumi na mmoja katika ndoa, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Mama Bertille naye hakuwahi kumtazama yeye. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Huko Kongolo, Mama Bertille alilelewa na watu walioshika ukwe kama amri ya kanisa: mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawali sahani zikiwa karibu, na wakiwa na neno la kuambiana, lazima apatikane mtu wa katikati wa kulibeba. Wengi siku hizi wameyaacha mambo hayo. Mama Bertille aliwaona wakipiga foto na wakwe zao, mkono begani, akawaombea.

Siku ya harusi ya binti yake Noëlla, alikaa ameipa mgongo meza ya maharusi. Wilfried alipokwenda Kongolo kumsalimia, alichokiona ni kitenge kikikimbilia jikoni. Alimjua kwa sauti, kwa mwavuli wake mweusi na kwa kikohozi chake cha asubuhi. Mama naye alimjua mkwe wake kwa viatu, maana anayetembea ameinamisha macho hukutana na viatu tu.

Basi Emmanuella, mdogo wake Noëlla, aliyeolewa Kalemie, mji ulio kando ya ziwa, akajifungua mapacha. Noëlla alikuwa ametangulia huko wiki mbili kumsaidia. Bibi wa mapacha hawezi kusubiri habari kwa telefone, kwa hiyo Mama Bertille alifunga mizigo, akapanda treni, akafika Nyunzu, mji ambao Wilfried anafundisha hesabu. Treni ikaishia hapo. Kila aliyeulizwa itaendelea lini alitazama juu, kana kwamba treni hushuka kutoka mawinguni.

Kumpandisha pikipiki mama wa miaka sitini na nane, mwenye magunia mawili na kuku wa kuchoma, haikuwezekana. Wilfried akaenda kwa mwalimu mwenzake, Nicolas, aliyekuwa na RAV4 ya zamani, ya usukani wa kuume, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma. Nicolas alimpa ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Ufunguo ni huo mumoja tu, mwalimu," alisema. "Ule wa pili ulibaki Dar es Salaam. Na rangi ya gari, unaiona? Niliipaka upya mwezi uliopita."

Kwa ajili ya maneno ya njiani akapatikana Papa Jean-Marie, katekista, aliyekuwa anakwenda Kalemie kwenye mkutano wa makatekista. Alikaa mbele, kando ya Wilfried. Mama Bertille alikaa nyuma, kitenge kichwani, uso dirishani. Wilfried alivaa koti, tai na viatu vyeusi vilivyopigwa kiwi, maana mama mkwe haendeshwi na mtu aliyevaa ovyo. Safari ikaanza asubuhi mapema, na mazungumzo yakawa hivi:

"Papa Jean-Marie, muambie mukwe, barabara iko na mashimo. Apunguze mbio."

"Papa Wilfried, mama anasema upunguze mbio."

"Muambie mama, nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Muambie, nimesikia kama amesikia."

Mtu na mtu walikuwa wameachana nusu ya mita. Saa tano nzima katekista yule aligeuza shingo huku na huku, mpaka walipoanza kushuka kuelekea ziwani alikuwa anaishikilia kwa mkono. Kwenye nyumba ya parokia, mlangoni mwa mji, akaomba ashushwe. "Mubaki na amani," aliwaambia, na akaondoka akitembea kama mtu aliyelala vibaya.

Wakabaki wawili ndani ya gari. Wawili hao hawakuwa na namna tena ya kuambiana hata kwamba kuna joto. Kwa bahati, telefone ya Wilfried ililia. Alikuwa Noëlla.

"Muko wapi? Sikia, Emmanuella anataka muchuzi wa samaki mubichi. Upitie ziwani, ununue kuhe. Mama iko hapo?"

"Iko nyuma."

"Nipe mama."

Wilfried hakuweza kumpa. Aliiweka telefone kwenye kiti alichoondoka Papa Jean-Marie, akakaza macho barabarani. Mkono ukatoka nyuma, ukaichukua. Akasikia, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Wezi? Wako wengi vile? Sawa. Sitafungulia muntu. Nimesema sitafungulia muntu!" Kisha mazungumzo yakaisha, na telefone haikurudi. Mkwe hawezi kumdai mama mkwe kitu kilicho mkononi mwake. Ikabaki huko huko.

Walifika kando ya ziwa, pale samaki wanaposhushwa. Tangu maji yalipopanda miaka ile, nusu ya barabara imelala ziwani, na anayetaka samaki wa kwanza lazima akanyage maji mpaka wanapofunga mitumbwi. Wilfried akaegesha mahali pakavu, akazima mashine, akauacha ufunguo ukiwa umegeuzwa kidogo ili feni iendelee kumpulizia mama. Akashusha kioo cha mbele upana wa vidole vitatu. Halafu akaenda nyuma ya gari, mahali asipoonekana, akavua koti, tai, shati na viatu, maana alikuwa na shati moja tu la kuonana na wakwe. Akaviweka vizuri pamoja na mizigo, akafunga mlango wa nyuma, usiofunguka bila ufunguo, akakunja suruali mpaka magotini. Akabaki na singleti. Kabla ya kuondoka alikohoa mara mbili kwa nguvu, kumjulisha mama kwamba anakwenda na atarudi.

Mama Bertille alisikia kikohozi, lakini hakujua maana yake. Alichokumbuka ni maneno ya binti yake. Alinyoosha mkono, akafunga mlango wake, akafunga wa pili, kisha akapita katikati ya viti na kufunga ya mbele miwili, mmoja baada ya mwingine, kama anavyofunga mabanda ya kuku kila jioni. Akarudi kukaa. Kutoka kwenye gunia alitoa mwiko wake wa bugali, mpya, wa mti mgumu, aliouleta kwa sababu hakuamini miko ya watu wa ziwani. Akaulaza magotini.

Wilfried alikawia. Alichagua kuhe mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima, kwa mfanyabiashara aliyeitwa Mama Annie, mama mnene mwenye magamba ya samaki mpaka kwenye nyusi. Akamtundika samaki kwenye kidole, akarudi akipasua maji, akashika mlango wa dereva na kuvuta.

Haukufunguka.

Akavuta wa pili. Akazunguka, akavuta wa tatu na wa nne. Akachungulia ndani: ufunguo ulikuwa umening'inia mahali pake, unatikisika polepole kwa upepo wa feni. Ndipo kitenge kilipojongea kwenye kiti cha nyuma, na uso ukatokea kiooni.

Ulikuwa uso wa Noëlla, ulioongezewa miaka thelathini. Hata kidole cha kugombeza kilikuwa kile kile. Wilfried aliuona kwa muda wa kufumba na kufumbua, akaingiwa na hofu ya miaka kumi na mmoja, akainamisha macho mpaka kwenye vidole vyake vya miguu. Na Mama Bertille, ambaye hakuona mkwe bali mtu mwenye singleti, mwenye matope, aliyejaribu milango yote minne, aliona jambo moja tu: mtu anayekutazama halafu akainamisha macho haraka vile ni mwizi.

"Mwizi!" alipiga kelele kwenye ule mwanya wa kioo. "Muje, bandugu! Mwizi wa gari!"

Watu walikuja kutoka kwenye mitumbwi, kwenye meza za ndakala, wale dagaa wa ziwani, kwenye kivuli cha ukuta. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Annie, kisu cha samaki kikiwa bado mkononi.

"Papa," alisema, "si njo wewe umenunua kuhe yangu sasa hivi?"

"Njo mimi, Mama."

"Gari ni yako?"

"Ni ya rafiki yangu."

"Aaa," walisema watu kwa pamoja, na ile aaa haikuwa nzuri.

"Na huyu mama ndani?"

"Ni mukwe wangu. Mama muzazi wa muke wangu."

"Mbona anasema hakujui?"

"Hanijui kwa sura," Wilfried alisema. "Hajawahi kuniangalia. Tunashika ukwe."

Wengine walicheka, wengine wakaguna. Mama Annie hakucheka. "Karatasi za gari ziko wapi?" aliuliza.

"Ziko ndani."

"Telefone?"

"Iko ndani."

"Shati? Viatu?"

"Viko ndani."

"Papa," alisema Mama Annie, "vitu vyako vyote viko ndani. Wewe peke yako njo uko inje."

Hapo akajitokeza Rubens, fundi wa mota za mitumbwi, aliyekuwa na karakana upande wa pili wa barabara. Hakuwahi kufungua gari la mtu, lakini alisema gari na mtumbwi ni ndugu, vyote vinakula petroli. Alileta waya mrefu, akaukunja ncha kama ndoano, akauingiza kwenye mwanya wa kioo, ulimi nje, jicho moja limefumbwa. Watu wakasogea. Ndoano ikashuka, ikagusa kile kitufe cha kufungulia, ikaanza kukipandisha.

Mwiko ukatua. Paa! Ulimkuta Rubens kwenye vidole vilivyokuwa kwenye mwanya. Aliruka, na waya ukaruka naye, ukachora kwenye mlango mstari mweupe kuanzia dirishani mpaka chini ya kishikio.

"Rangi!" Wilfried alilia. "Ni rangi mupya!"

"Vidole vyangu pia ni vipya," alisema Rubens akivinyonya. "Papa, huyu mama ana nguvu. Mimi ninarudi kwa mota zangu." Lakini hakurudi. Alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa, aone mwisho.

Mama Annie akafuta mikono kwenye kitenge, akasogea karibu na kioo. Bibi yake mwenyewe, aliwaambia watu, alikuwa hivyo hivyo. Siku moja alikaa juu ya mti mpaka jua kuchwa kwa sababu mkwe alikuwa amepumzika chini. "Muache nizungumuze naye. Hapa kunatakiwa muntu wa katikati."

"Salamu, Mama."

"Salamu, Mama. Wewe ninaona ni muntu wa heshima. Unifukuzie huyu mwizi, mukwe wangu atarudi sasa hivi."

"Anasema yeye njo mukwe wako."

"Mukwe wangu ni mwalimu. Iko na koti na tai. Huyu iko na singleti."

"Alivua kwa ajili ya maji, anasema. Anasema viatu vyake viko nyuma kwa mizigo. Anasema viatu unavijua."

Wilfried aliitikia kwa kichwa, kwa tumaini kubwa. Kweli, viatu Mama Bertille alivijua. Walimwona akigeuka, akiinama juu ya kiti, akiinua gunia moja, kisha la pili. Alipoinuka alikuwa na kiatu cheusi mkononi, kile cha kushoto, kilichoshonwa kisigino kwa uzi mweupe. Alikitazama kwa muda. Akatazama koti lililokunjwa vizuri, na tai juu yake. Hakuna mtu aliye hai anayeacha viatu, koti na tai kwa mpigo.

"Uuuwi!" Sauti yake ilitoka ndani ya gari kama filimbi ya treni. "Wamemuua! Wamemuua mukwe wangu, wakamuvua mpaka viatu!"

"Mama, hapana," alianza Mama Annie, lakini kilio kikishaanza hakizuiwi kwa maneno. Mama Bertille alikipakata kile kiatu kifuani, akaanza kumlilia marehemu jinsi wanavyolia mama wa Kongolo, kwa kumwita jina na kuhesabu matendo yake.

"Wilfried eee! Uliyeniwekea bati kwa nyumba, mvua ikaacha kunyesha kitandani, na sikukuambia asante! Muntu wa katikati alikuwa na malaria siku ile, halafu nikasahau!"

Wilfried alisimama wima. Samaki akamteleza, akamdaka.

"Uliyenitumia miwani! Nikasema haifai, nikairudisha kwa sanduku, halafu nikawa ninaitoa kila asubuhi kwa siri, ninasoma Zaburi! Wilfried eee! Waliniambia, mutoto wako anaolewa na mwalimu mwembamba, anayeimba vibaya kanisani. Nikajibu, kuimba hakujazi chungu! Na kweli uliimba vibaya, baba, hata mimi nilisikia! Lakini haukumupigia mutoto wangu kelele hata siku moja! Nani atanitumia sukari ya Krismasi? Nani atauliza kama mguu wangu umepona?"

Mama wawili wa ndakala walianza kulia. Mmoja alikuwa amefiwa mwaka huo, na kilio cha mwenzake kilimkumbusha. Wilfried mwenyewe aliona ziwa limeanza kuwa na ukungu, akajifuta macho kwa mkono wa samaki, jambo lililofanya yalie zaidi. Mzee mmoja aliyechelewa kufika, aliyekuta mtu analia kando ya gari lenye msiba, alimshika bega.

"Pole sana, Papa. Aliyekufa ni nani wako?"

"Ni mimi," alisema Wilfried.

Katikati ya kilio, telefone ikalia ndani ya gari. Mama Bertille aliipokea, na kwa kuwa alizungumza kwa telefone kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto Lualaba, wote walisikia.

"Noëlla, mwanangu. Kaa chini. Umekaa? Umekuwa mujane."

Yowe lililotoka kwenye telefone lilifika mpaka kwenye mitumbwi. Hapo Wilfried akasahau ukwe, akasahau na heshima. Aligonga kioo kwa samaki.

"Noëlla! Niko hai! Niko hapa inje!"

Yowe likakatika. "Mama," sauti ya Noëlla iliuliza, ikitetemeka, "nani anaita?"

"Ni mwizi."

"Ana sauti ya Wilfried."

"Wezi wanajua kuiga, mwanangu. Ameshajua mpaka jina lako."

"Mama. Mama, sikia. Asubuhi yote ulikuwa umekaa nyuma ya Wilfried. Ulikuwa unaona nini?"

Mama Bertille alisita. Alipaswa kusema aliona milima tu. "Ninaweza kuwa niliona kisogo," alisema. "Kidogo."

"Muambie huyo mwizi ageuke."

Mama Annie alikuwa ameshasikia. "Papa, geuka! Simama karibu na kioo, uinamishe kichwa!" Wilfried akageuka, na watu wote wakasogea kutazama kisogo chake. Kilikuwa kisogo chenye mikunjo miwili, na juu ya mikunjo palikuwa na uwazi kama kishimo cha kuchezea bao, uliotengenezwa na kinyozi wa Nyunzu umeme ulipokatika katikati ya kazi. Uwazi ule, kwa saa tano, kila gari liliporuka shimo, uliruka mbele ya macho ya mama aliyekuwa hatazami.

Ndani ya gari, mwiko ulianguka.

"Yesu na Maria," alisema Mama Bertille polepole. "Njo yeye."

Watu walipiga makofi. Rubens alisimama juu ya mtungi wake. Wilfried aligeuka, akashika mlango, akingoja kusikia kitufe kikifunguka. Alichosikia ni kitambaa. Alipochungulia, mama mkwe wake alikuwa amejifunika kitenge kichwa kizima na kuteremka mpaka sakafuni, kati ya viti.

"Sitoki," kilisema kitenge.

"Mama, si umeshamujua?" Mama Annie alimwuliza.

"Njo sababu. Nimemuangalia uso wote, mara tatu. Nimemuita mwizi mbele ya mji. Amesikia nikimulilia, nimesema mpaka habari ya kuimba. Kuna muntu anaweza kufungua mulango na kutoka na mambo haya? Munirudishe Kongolo na gari hili hili, kama lilivyofungwa."

Maneno hayo yalikuwa na ugumu wake, kwa kuwa dereva alikuwa nje na ufunguo ulikuwa ndani. Jua lilikuwa limepanda. Feni ilianza kugeuka kivivu. Inzi walimpata samaki. Mama Annie akajaribu njia ya desturi: makosa ya ukwe huondolewa kwa kuku, aliyekosa humpa aliyekosewa, aibu ikaisha.

"Ninajua," kilijibu kitenge. "Mimi njo nimekosa. Kuku mumoja wa kumuangalia, mumoja wa kumuita mwizi. Lakini kuku zangu ziko Kongolo. Wa hapa ndani ameshachomwa."

"Na wa kilio?" aliuliza Rubens, aliyekuwa anapenda mambo yakamilike.

Hakuna aliyejua kuku wangapi hutolewa kwa kumlilia mkwe aliye hai. Walianza kubishana, mitumbwi upande mmoja, ndakala upande mwingine. Wilfried aliwasikiliza kidogo. Kisha akampa Mama Annie samaki amshikie, akasogea kwenye mwanya wa kioo, akatazama paa la gari, na kwa mara ya kwanza akamwambia neno mama mkwe wake bila mtu wa katikati.

"Mama," alisema. "Mimi Wilfried."

Kitenge kilitulia.

"Miaka kumi na mumoja nilifikiri haunipendi. Nilipoweka bati, nilingoja neno. Noëlla aliniambia mama amefurahi, nikawaza ananifariji tu. Miwani, niliambiwa haifai. Nikasema, basi, mimi njo sifai. Leo nimesikia kwa masikio yangu. Nilikuwa ninakuja Kongolo kila mwaka ninasalimia jiko. Usinirudishe kule, Mama. Wewe umemulilia mukwe wa zamani, na umemulilia vizuri, hata mimi nimelia. Yule ameenda. Huyu aliyebaki hapa inje haujakosana naye bado."

Waliokuwa wakibishana habari za kuku wakasogea karibu. Mama Annie alivuta kamasi.

"Na habari ya kuimba?" kitenge kiliuliza mwishowe.

"Habari ya kuimba, Mama, ni kweli."

Kitenge kikaanza kutikisika. Kwa muda hakuna aliyejua kama ni kilio kimerudi au ni kicheko. Kisha mkono mmoja mwembamba ukatoka, ukapapasa mlango, ukapapasa kioo, ukashika kitufe. Tak. Mama Bertille akainuka, akakiweka kitenge mabegani mahali pake, akamtazama mkwe wake kutoka kichwani mpaka miguuni kama mtu anayechagua mbuzi sokoni.

"Ingia," alisema. "Samaki itaoza."

Mashine haikuwaka, kwa sababu feni ilikuwa imekula betri yote. Ikabidi watu walisukume gari. Mama wa ndakala walisukuma wakiimba wimbo wa kanisa, Rubens alisukuma kwa mkono mmoja, na Mama Bertille, aliyekataa kushuka tena, aliwaongoza kwa mwiko kupitia dirishani. Lilipowaka, Mama Annie alikimbia nalo hatua chache kumtupia Wilfried samaki wake.

Kutoka ziwani mpaka kwa Emmanuella, ng'ambo ya daraja la mto Lukuga, si mbali, lakini Mama Bertille alikuwa na maneno ya miaka kumi na mmoja. Alikuwa amehamia kiti cha mbele. Aliuliza kwa nini watoto wa shule yake wanasomeshwa hesabu nyingi kuliko dini. Alisema bati moja upande wa jikoni linavuja. Alimwambia anakonda, na kwamba kinyozi wake afungwe. Alimwambia apunguze mbio, kisha kwamba anakawia, kisha kwamba lile ziwa ni kubwa kupita alivyofikiri na mbona hakuna aliyemwambia. Wilfried alijibu ndiyo, Mama, hapana, Mama, na jasho likamtoka kama mtu anayefanyiwa mtihani. Lakini alikuwa anatabasamu.

Noëlla alikuwa langoni, pacha mmoja mkononi, macho bado mekundu. Alimwona mama yake akishuka upande wa mbele, kiatu cha mumewe mkononi, huku wawili hao wakibishana kama kuhe anatakiwa kupikwa na nyanya au bila nyanya. Alitaka kumkimbilia mumewe, akataka kumgombeza mama yake, akashindwa kuchagua, akakaa juu ya ngazi na kucheka mpaka mtoto akaamka.

Baada ya kula, ukabaki ule mstari mweupe mlangoni mwa gari. Wilfried aliutazama mara kadhaa, kila mara akitumaini umepungua. Alichukua telefone kumpigia Nicolas, akaiweka chini, akaichukua tena.

"Nipe mimi," alisema Mama Bertille, na akanyoosha mkono. "Mwiko ni wangu. Mimi nitamuambia huyo mwenye gari."

Akapiga. Nicolas akapokea. Mama Bertille akamsalimia, akamwuliza habari za watoto, kisha, kwa sababu jambo lazima lianzie mwanzo ndipo lieleweke, akaanzia kwa treni ya Kongolo. Alimweleza magunia, alimweleza kuku wa kuchoma, alimweleza shingo ya katekista. Alikaa vizuri kwenye kiti, miguu amenyoosha. Noëlla na Emmanuella walisogea kusikiliza, kila mmoja na pacha wake, na Wilfried akaegemea mlango. Nicolas huko Nyunzu alicheka mpaka wakamsikia. Mama alifika ziwani, akafika kwenye singleti, akafika kwa Rubens na waya wake. "Sasa, baba, sikiliza vizuri, hapa njo penyewe," alisema, akainua mkono juu kuonyesha jinsi mwiko ulivyoshuka, na uniti za telefone zikaisha.